Mpaka wa Ng'ombe na Mpaka wa Mafuta

(Hotuba iliyotolewa na mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne 1979, wakati wa chakula cha mchana cha mkutano wetu wa mwaka, Dodoma.)



Barua ya mwaliko ilisema nizungumze kwa dakika kumi na tano juu ya jambo lenye manufaa kwa vijana wanaotufuata. Nimechagua kuzungumza juu ya mafuta ya petroli, na hasa swali hili: je, yafaa kuchimba mafuta ndani ya hifadhi? Mnanijua kuwa maisha yangu yote nilikuwa mpima ardhi. Kazi ya mpima ardhi ni mipaka, na swali hili kwangu ni swali la mipaka.

Sisi tuliosoma wakati ule hatuhitaji kufundishwa kuwa taifa lisilo na mafuta linaumia. Tulitoka katika vita vya Uganda, bei ya mafuta duniani ikapanda, na fedha za kigeni zikawa hazionekani. Mtakumbuka kulikuwa na kipindi ambapo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana. Mtakumbuka pia jenereta ya bwenini ilivyozimwa mapema, nasi tukasomea kibatari, asubuhi pua zikiwa nyeusi kwa moshi. Kwa hiyo sikusimama hapa kuyadharau mafuta.

Lakini mwaka ule ule wa 1979 nilikwenda likizo nyumbani Kondoa, na nilichokikuta huko ndicho kinachonifanya nisimame leo.

Wenzangu wa Kondoa wanakumbuka Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mradi huo ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Vilima vya Irangi vilikuwa vimekatika makorongo, mengine yangeweza kumeza nyumba na mti wake wa uani. Kila mvua ilipokunya udongo mwekundu ulishuka bondeni. HADO walichimba makinga maji na kupanda miti, lakini ikaonekana hayo hayatoshi. Mwaka 1979 ikaamuliwa kuwa mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika zaidi, eneo lenye kilometa za mraba zipatazo 1,250. Yote, ya tajiri na ya maskini.

Baba yangu alikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Wanne aliwauza kwa bei ya haraka, na kumi tuliwaswaga mimi naye hadi kwa ndugu zetu tambarare, nje ya mpaka. Tulitembea siku mbili. Njiani hakulalamika. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu wewe umesoma. Hebu niambie, na wengine wote wametoa?" Nikamjibu kuwa ndiyo, amri ni ya watu wote. Akasema basi, kama ni ya wote, twende.

Ndugu zangu, ardhi ile ilipona. Mwenye kubisha na aende akatazame. Nyasi zilirudi, miti ikaota yenyewe katika makorongo, na mahali palipokuwa mchanga mtupu watu wakapanda miwa na ndizi. Baadaye watu waliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa zizini. Baba yangu hakulirudisha kundi lake tena, lakini hadi anakufa hakusema kuwa amri ile ilikuwa mbaya. Aliikubali kwa sababu iliwahusu wote.

Sasa nije kwenye mafuta.

Mwaka 2006 Uganda ilithibitisha kuwa kuna mafuta ya kutosha kwa biashara katika bonde la Ziwa Albert. Sehemu ya mafuta hayo iko chini ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, iliyoanzishwa mwaka 1952, mahali ambapo mto Nile wote unabanwa katika mwanya mwembamba wa mwamba kabla ya kushuka ziwani. Huko kuna tembo, twiga, simba na viboko. Katika mpango unaoongozwa na kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa, pamoja na CNOOC ya China na shirika la mafuta la Uganda, vituo kumi vya visima vimewekwa ndani ya hifadhi yenyewe, na bomba la kukusanyia mafuta linapita chini ya mto Nile.

Pengine mtu atasema hayo ni ya Waganda. Hapana. Mafuta hayo yanahitaji njia ya kwenda baharini, na njia iliyochaguliwa ni bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilometa 1,443. Katika hizo, kilometa 1,147 ziko katika ardhi yetu, kupitia mikoa minane: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani mwezi Agosti 2017, na uamuzi wa kutoa fedha za mradi mzima ukafikiwa Februari 2022. Kwa kuwa mafuta yale yana nta nyingi na huganda, bomba hilo limesanifiwa kupashwa moto, kiasi cha nyuzi 50, njia nzima. Shirika letu la TPDC lina hisa asilimia 15. Hapa mkoani kwetu bomba linapita katika Wilaya za Chemba na Kondoa. Sisemi kuwa linapita juu ya makorongo ya HADO; nasema linapita katika wilaya ambayo watu wake waliambiwa waondoe ng'ombe ili ardhi ipone.

Nikiri jambo moja. Mtoto wa dada yangu alipata kibarua cha kuchomelea katika kazi ya bomba. Mshahara wake umeezeka nyumba ya mama yake kwa bati, mahali palipokuwa na tembe iliyovuja. Nimelala katika nyumba hiyo na nimeshukuru. Basi anayetaka kuniambia kuwa mradi huo hauna faida kwa mtu yeyote hatanipata.

Hata hivyo ugomvi wangu hauko kwenye kazi wala kwenye bomba. Nchi hii ina bomba la TAZAMA la kutoka Dar es Salaam hadi Ndola tangu mwaka 1968, na gesi ya Songo Songo inatupa umeme tangu mwaka 2004. Ugomvi wangu uko kwenye mpaka wa hifadhi, na nani anaruhusiwa kuuvuka.

Tuitazame sheria yetu wenyewe. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuchunga mifugo katika Mapori ya Akiba. Inakataza pia kutafuta na kuchimba madini humo. Lakini imeacha mlango kwa vitu vitatu, kwa masharti: mafuta, gesi na urani. Chukueni Pori la Akiba la Swagaswaga, ambalo wenzetu wa Chemba wanaliona wakisimama uani. Sina habari kuwa chini yake kuna mafuta. Lakini mfugaji akikutwa humo na ndama aliyepotea, ana kesi. Mwenye mtambo wa kuchimba mafuta, akipata kibali, atafunguliwa lango.

Wala jambo hili halikubaki katika karatasi. Pori la Akiba la Selous liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982. Mwaka 2012 mpaka wake upande wa kusini ulibadilishwa ili eneo la urani la mto Mkuju libaki nje. Mimi nimepima mipaka miaka mingi, na nimeona wakulima wakiomba mpaka usogezwe hatua ishirini tu ili shamba la mahindi lipone. Jibu walilopata ni kwamba mpaka ni mpaka.

Mambo haya si yetu peke yetu. Huko Alaska, Marekani, wamebishana kwa zaidi ya miaka arobaini juu ya kuchimba mafuta katika hifadhi ya wanyama ya Aktiki, ambako makundi makubwa ya paa wa baridi huenda kuzalia. Serikali moja inafungua, inayofuata inafunga, nyingine inafungua tena. Huko Ecuador mwezi Agosti 2023 waliwauliza wananchi wenyewe kwa kura juu ya mafuta ya hifadhi ya Yasuní, na karibu asilimia 59 walisema mafuta yabaki ardhini, ingawa visima vilikuwa tayari vinatoa mafuta na nchi yao si tajiri.

Ndugu Mwenyekiti, katika mdahalo wa shule yetu tulifundishwa kujibu hoja za upande wa pili kabla ya kukaa. Naomba nizijibu tatu.

Hoja ya kwanza: eneo linalochukuliwa ni dogo. Wenye mradi wa Murchison Falls wanasema ni chini ya asilimia moja ya hifadhi. Nakubali hesabu hiyo. Lakini ng'ombe kumi na wanne wa baba yangu nao walikuwa chini ya asilimia moja ya mifugo ya Kondoa. Hakuna aliyemwambia abaki kwa kuwa ni wachache. Tena kisima hakiji peke yake. Huja na barabara, malori, taa na kelele za usiku, na tembo hajui asilimia. Husogea akaingia katika mashamba ya watu.

Hoja ya pili: mataifa tajiri yalichimba, yakatajirika, na sasa yanatukataza. Hoja hii ina nguvu. Mwezi Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulaumu mradi huu, na wengi huku kwetu walikasirika. Hata mimi nilikasirika, kwa kuwa wasemaji walikuwa wamekuja bungeni kwa magari. Lakini kosa la jirani si ruhusa kwangu. Kama swali hili linatuudhi likiulizwa Ulaya, basi tuliulize wenyewe, hapa Dodoma, ambako Bunge letu linakaa.

Hoja ya tatu: mapato yatajenga shule na hospitali. Inawezekana. Lakini bomba hili limepangiwa kufanya kazi kwa miaka kama 25. Serengeti ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1951 na bado inaliletea taifa fedha za kigeni. Mafuta yakiisha, kampuni itafunga mizigo. Atakayebaki na shimo ni mwenyeji, na shimo la mafuta si korongo la Irangi ambalo nyasi zinaweza kulifunga.

Msimamo wangu basi ni huu. Nje ya hifadhi, tuchimbe kwa uangalifu, na mwenye shamba alipwe mapema na kwa haki, maana Uganda na hapa kwetu pia watu wamelalamika kuwa mali zao zilithaminiwa, wakakaa wakingoja fidia kwa miaka. Ndani ya hifadhi tusichimbe. Mlango ule ulioachwa katika sheria ya 2009 ufungwe. Na kama taifa litaona haliwezi kuufunga, basi lisimwambie tena mfugaji kuwa mpaka ni mtakatifu. Liseme wazi kuwa mpaka una bei, na kwamba yeye hana fedha za kutosha kuilipa.

Najua kufunga mlango huo kuna gharama. Huenda siku moja tukapata mafuta chini ya pori fulani na tukayaacha, na mtoto wa dada wa mtu mwingine akakosa kibarua. Nakiri hilo nikiwa na nyumba ile ya bati mbele ya macho yangu. Baba yangu naye alilipa gharama, na alikuwa maskini kuliko taifa.

Ombi langu kwenu ni dogo. Katika mahafali ijayo tuwaombe waalimu watupe saa moja ya mdahalo na vijana wa sasa, mada ikiwa hii hii. Wawepo watoto wa wafugaji, na wawepo wanaotamani kusoma uhandisi wa mafuta. Sisi wazee tukae nyuma tusikilize. Wao ndio watakaokuwa hapa bomba litakapofikisha miaka 25. Mimi nitajitolea kununua soda.

Baba yangu aliniuliza, na wengine wote wametoa? Mwaka 1979 niliweza kumjibu ndiyo bila kuona haya. Angeniuliza leo, nisingekuwa na jibu, na kwa mtu aliyepima mipaka maisha yake yote hilo ni jambo la aibu.