Kauli Isiyopita Barazani: Viongozi wa Uganda na Mitandao ya Kijamii

Mhadhara wa umma, Mbale



Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alikuwa Tororo, si mbali na hapa tulipoketi, akizungumza na askari kambini. Hapo ndipo alipotamka kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza wachukuliwe na Uingereza. Redio ikaibeba kauli, na nchi ikaambiwa muda ni siku 90. Wiki zilizofuata zilikuwa za viraka: leo wanahusika hawa, kesho wameongezwa wale, keshokutwa kundi fulani limesamehewa. Maofisa walikuwa wakikimbiza neno lililokwisha kutoka. Jinja iliumia kuliko miji mingi, maana biashara ya barabara kuu na kiwanda cha sukari cha Madhvani kule Kakira vilikuwa mikononi mwa hao waliofukuzwa. Mbale nayo ilifunga milango mingi ya maduka.

Mwaka uliofuata, Amin alimpelekea Rais Nixon salamu za kumtakia apone upesi maradhi ya Watergate. Dunia ilicheka sana. Uganda ilikuwa ikizika watu.

Tunapozungumza juu ya viongozi na mitandao ya kijamii tumezoea kulalamikia matusi na uongo. Vyote viwili vipo, sibishi. Lakini naona hatari kubwa imejificha kwingine. Kauli ya mkubwa ikifika kwa raia bila kupita kwa mtu yeyote ambaye kazi yake ni kuihoji, raia hana namna ya kujua kama ameambiwa amri au mzaha. Mkubwa ndiye anayebaki na nafasi ya kuamua, siku nyingine na kwa kadiri ya upepo, kwamba ilikuwa nini.

Chukueni mfano wa tarehe 3 Oktoba 2022. Muhoozi Kainerugaba, mwana wa Rais na wakati huo kamanda wa jeshi la nchi kavu, aliandika Twitter kwamba yeye na jeshi lake wasingemaliza hata wiki mbili kuiteka Nairobi. Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba serikali ya Uganda haiendeshi sera zake za nje kupitia mitandao ya kijamii. Tarehe 4 kamanda akaondolewa kwenye wadhifa huo, na siku hiyohiyo akapandishwa cheo kuwa jenerali kamili. Kisha Rais Museveni akawaomba radhi Wakenya, na katika maelezo yaleyale akatetea kule kumpandisha cheo mwanawe.

Sasa mwekeni mfanyabiashara wa Mbale katikati ya siku hizo tatu. Mafuta yake ya taa, mabati yake na mbolea yake hutoka bandari ya Mombasa na kuingilia Malaba au Busia. Aagize mzigo mwingine au asubiri? Taarifa ya wizara inamwambia maneno yale si ya serikali. Cheo kipya kinamwambia msemaji hakukosa sana. Msamaha unamwambia kosa lilikuwepo. Majibu matatu, kutoka serikali moja. Sioni kama mtu huyu anahitaji somo la kutambua habari za uongo. Habari aliyoipata ni ya kweli kabisa. Kinachomkosesha usingizi ni kutojua uzito wake.

Machi 2024 jenerali huyohuyo aliteuliwa Mkuu wa Majeshi. Katiba, ibara ya 208, inataka jeshi lisiwe na upande wa chama. Mwanzoni mwa Mei 2025 aliandika kwenye X kwamba anamshikilia mlinzi mkuu wa kiongozi wa upinzani Robert Kyagulanyi, yule tunayemwita Bobi Wine, katika chumba cha chini cha nyumba yake. Siku chache baadaye mlinzi huyo alifikishwa mahakamani Masaka, na Waziri wa Sheria, Norbert Mao, alilaani hadharani tendo la kuwaleta mbele ya mahakimu watu waliokamatwa kinyume cha sheria na kuteswa.

Watu wa Jinja hapa mtanielewa haraka. Kwa miaka, Nalufenya, kituo cha polisi cha hapo kwenu, lilikuwa jina la kutajwa kwa sauti ya chini. Kituo kile kilipofungwa kama mahali maalumu pa mahabusu mwaka 2018, wengi walishukuru. Lakini hata enzi zake mbaya, serikali ilikana kwamba watu waliteswa humo. Kukana kulikuwa uongo, ndiyo, ila uongo ule ulikiri kwamba ipo sheria ya kuogopwa. Anayejitangazia mahabusu wake kwa simu yake mwenyewe, na picha juu, haoni tena haja ya kukana.

Nalufenya ndipo pia alipopelekwa Kyagulanyi tarehe 18 Novemba 2020, baada ya kukamatwa Luuka, huko Busoga, akidaiwa kukusanya watu zaidi ya 200 wakati wa korona. Katika maandamano yaliyofuata watu 54 au zaidi waliuawa. Kumbukeni kwamba Tume ya Uchaguzi ilikuwa imeelekeza kampeni ziegemee redio, televisheni na mitandao. Disemba mikutano ikapigwa marufuku kabisa katika wilaya kadhaa, Jinja na Tororo zikiwemo. Januari, siku moja kabla ya kura ya tarehe 14, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku tano hivi. Mgombea aliambiwa aende mtandaoni, akaenda, mtandao ukaondolewa.

Facebook ilikuwa imefungwa siku chache kabla. Kampuni hiyo ilifuta akaunti ilizosema zinahusiana na kituo kimoja cha Wizara ya Teknolojia ya Habari na zilikuwa zikijifanya watu wengi. Rais akajibu kwamba mtandao unaopendelea upande mmoja hauna nafasi Uganda. Tangu hapo mwanafunzi wa Mbale anayetaka Facebook huingia kwa VPN, huku Rais akiendelea kuwaandikia wajukuu zake, ndivyo anavyotuita, barua ndefu kwenye X.

Nisimwonee Mzee. Maandishi yake mengi ni ya utulivu, na baadhi yanaelimisha. Picha yake ya mwaka 2016 akiongea na simu kando ya barabara kule Isingiro ilitupa mzaha wa wiki nzima, na hakuna aliyeumia. Lakini ni yeye aliyemwandikia Waziri wa Fedha, Machi 2018, akilalamikia umbea wa mitandaoni, na Julai tukaanza kulipa kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. Serikali ilitarajia bilioni 284 mwaka wa kwanza. Ilipata kama bilioni 49 na nusu. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya data.

Kisha kuna raia anayejibu. Julai 2024 mahakama ya Entebbe ilimfunga kijana wa miaka 24 miaka sita kwa video za TikTok zilizomkashifu Rais na familia yake. Mkuu wa Majeshi aliandika Januari 2025 juu ya kumkata kichwa Kyagulanyi, akaja kuiita mzaha, akaaga X, akarudi. Kijana alikiri kosa, akaomba radhi, akafungwa vilevile.

Mtaniambia vijijini Bududa au Mayuge watu wachache wana X. Kweli. Wao husikia asubuhi, mtangazaji wa redio akisoma na kutafsiri kwa Lugisu au Lusoga, au hupokea picha ya skrini kwenye WhatsApp ya kikundi cha kanisa. Mara nyingi andiko la asili limeshafutwa. Mtangazaji aliyelisoma ndiye anayebaki na mzigo wa kuthibitisha kwamba hakulitunga, naye ana leseni ya kulinda. Hakuna mwenye redio aliyesahau jinsi serikali ilivyoifungia CBS, redio ya Buganda, mwaka 2009.

Kufuta huku kwa maandiko ndiko kunakonishughulisha mimi kama mtu wa nyaraka. Amri za 1972 tunaweza kuzisoma leo kwa sababu hatimaye zilichapwa katika Gazeti la Serikali. Tunayo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2001, tunayo na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005. Napendekeza Bunge liseme wazi kwamba andiko lolote la mwenye wadhifa wa umma kuhusu kazi ya wadhifa huo, hata likiwa kwenye akaunti yenye jina lake binafsi, ni waraka wa serikali: linakiliwa siku linapotoka, nakala inapelekwa kwenye hifadhi ya taifa, na raia yeyote anaweza kuiomba. Akifuta, na afute kwenye simu yake. Wabunge wa Busoga na Bugisu mliopo ukumbini, naomba mniambie wakati wa maswali ni nani kati yenu atauwasilisha muswada huo.