Maji Hayasemwi kwa Uso

Ukisimama kando ya kijito kule Mkuyuni, miteremkoni mwa Milima ya Uluguru, utaona maji meupe yakishuka kuelekea Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam. Utasema: haya ni safi. Je, umejuaje?

Mwaka 1973 Hans na Kai Siegbahn wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walieleza namna ya kuchunguza vimiminika kwa eksirei. Mionzi hiyo hung'oa elektroni katika atomu. Ukipima nguvu ya elektroni iliyotoka, unaitambua atomu yenyewe. Tabu ni kwamba mtambo hutaka ombwe, na maji ndani ya ombwe hugeuka mvuke upesi. Siku hizi hupitishwa mchirizi mwembamba kuliko unywele. Elektroni zinazotoka na nguvu zake zote ni za tabaka la juu kabisa, hivyo mtaalamu huweza kuona kwamba uso wa maji si sawa na kina chake. Sabuni, kwa mfano, hujikusanya juu.

Kai Siegbahn alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Sisi hatuna haja ya mtambo wake ili kupata funzo: jicho halioni kilichoyeyuka.

Wewe wa mlimani, usifulie wala kuoshea bomba la dawa ya shamba kijitoni. Nawe wa mjini, chemsha maji; lakini kumbuka, moto huua vijidudu, hauondoi sumu iliyoyeyuka. Usafi wa bomba lako huanzia Mkuyuni.