Benki Inajua Ulivyolipa

Msikilizaji wa Karagwe na Kyerwa, ukienda benki kukopa, swali la kwanza ni hili: mikopo ya nyuma uliilipaje? Kwa kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2012, mabenki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata moja, na kampuni kama Creditinfo huzichakata kuwa ripoti yenye alama.

Kwa mfano, Marekani alama za mikopo ziitwazo FICO huanzia 300 hadi 850. Kuanzia 670 huhesabiwa nzuri. Usizibebe namba hizo hadi dirishani Kayanga, maana kila kampuni ina kipimo chake. Kinachoharibu zaidi ni kuchelewesha marejesho. Mkulima wa kahawa, omba ratiba inayofuata mavuno kabla hujasaini. Na ukimdhamini shemeji (hapa wengi hunaswa), deni lake laweza kukugeukia. Omba ripoti yako. Ukikuta deni ulilokwisha kulipa, peleka risiti lirekebishwe.