Tangawizi Mbili za Hawaii

Tangawizi tunaijua sote. Tunaitia katika chai, tunaitafuna kikohozi kikitushika. Manjano nayo ni ya ukoo huo huo, na iliki pia. Lakini ukoo huu ni mkubwa, na mingine ndani yake hupandwa kwa ajili ya maua. Leo tunataka kuzungumza juu ya miwili iliyoko visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Visiwa hivyo ni jimbo la Marekani.

Mmea wa kwanza wenyeji wanauita awapuhi. Asili yake ni Asia. Mababu zao waliuchukua katika mitumbwi yao pamoja na magimbi na migomba, na mtumbwini hapana nafasi ya kitu kisicho na kazi, si ndiyo? Ua lake limejipanga magamba magamba. Kwanza ni la kijani, halafu linakuwa jekundu. Ukilikamua linatoa maji ya utelezi kama mlenda, tena yananukia. Basi maji hayo ndiyo waliyooshea nywele! Msafiri mwenye kiu aliyanywa. Majani waliyatia katika tanuri la shimo pamoja na nyama, ipate harufu nzuri. Tunguu lake walilikausha, wakalitwanga, na unga wake wakautia katika nguo zao za magome ya miti, mfano wa zile lubugo za Waganda. Siku hizi viwanda vinatia awapuhi katika sabuni za nywele, na watu wanatoa fedha kununua kitu ambacho wazee walikamua bure.

Sasa sikilizeni habari za wa pili. Huu unaitwa kahili, umetoka milima ya Himalaya. Ulipelekwa Hawaii kwa uzuri tu: maua ya manjano yenye nyuzi nyekundu, na harufu tamu. Kweli unapendeza. Lakini ndege wakala mbegu, wakazipeleka msituni. Huko matunguu yake yanasukana chini kama mkeka mnene, na miche ya miti ya asili haipati pa kuota. Mwaka 2000 wataalamu walipoandika orodha ya viumbe wageni 100 waharibifu kabisa duniani, kahili ulikuwamo. Afrika ya Kusini sheria inakataza kuupanda.

Sisi hatusemi maua yasipandwe. Nyumba yenye maua inapendeza. Ila ukipewa mche mgeni wenye majani kama ya tangawizi, muulize kwanza bwana shamba kama unasambaa. Usiupande kando ya mto wala karibu na msitu. Na ukitaka kuuondoa, kukata majani hakutoshi. Chimba matunguu yote, uyatoe shambani, wala usiyatupe mtoni, maana kipande kimoja tu kikibaki kinachipua tena.