Siku ya Msiba Ndipo Ndoa Hupimwa

Mjane ni nani? Swali hili laonekana jepesi mpaka siku mtu anapofariki dunia na kikao cha ukoo kuketi. Hapo ndipo aliyelima, akapika na kuuguza kwa miaka ishirini anapoulizwa: wewe hapa ni nani?

Mwezi uliopita nilikuwa Newala na Masasi nikirekodi kipindi kuhusu mirathi. Huko kusini, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama. Kwa desturi ya zamani, mali ya mwanamume ilielekea kwa watoto wa dada yake, si kwa mkewe wala kwa watoto aliowazaa. Siku hizi wengi hufuata dini zao au sheria za serikali, lakini ugomvi haujaisha, na aghalabu huwa ni wa mikorosho. Mume na mke wameipanda pamoja. Mume akifa, wapwa wanafika kuihesabu. Mjane mwenye cheti cha ndoa ana pa kushika. Asiye nacho hutegemea huruma ya mashemeji.

Jioni moja pale Masasi, tukizungumza hayo hayo, vijana wakanigeuzia swali. Wamesikia kwamba nchi za nje watu wa jinsia moja wamekwenda mahakamani kudai ndoa. Wanataka nini hasa? Waliokuwapo walijibu kwa kicheko, wengine kwa hasira. Mimi niliwajibu kwa kesi ya hapa hapa Afrika Mashariki, nami nawasimulia nanyi.

Kesi hiyo iliamuliwa mwaka 2011 katika Mahakama Kuu ya Mombasa na Jaji Jackton Ojwang. Marehemu alikuwa mwanamke wa Kinandi, mtu mzima asiyejaliwa mtoto, aliyeacha mali Mombasa. Mwanamke mwingine, mdogo kwake kwa umri, alifika mahakamani na kusema: mimi ndiye mjane wake, alinioa kwa mila zetu, na wanangu wawili ni warithi wake. Jamaa za marehemu wakapinga.

Msishangae. Kwa Wanandi, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kuoa mwanamke mwenziwe. Watoto watakaozaliwa na huyo aliyeolewa huhesabiwa kuwa wa nyumba ya aliyetoa mahari, na ndio watakaorithi. Kwetu Tanzania, Wakurya wa mkoa wa Mara wanayo mila ya namna hiyo, nao huiita nyumba ntobhu.

Swali lililokuwa mbele ya mahakama halikuwa la chumbani. Lilikuwa hili: je, mila hiyo ipo, na je, wanawake hawa waliifuata? Mahakama ikajibu ndiyo. Mwanamke yule akatambuliwa, yeye pamoja na wanawe, kuwa warithi halali.

Sasa tusichanganye mambo. Wenye mila hiyo husema wazi kwamba ni ndoa ya kutafuta watoto na kulinda mali, si ya mapenzi kati ya wanawake wawili. Tena Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 45, inatoa haki ya kuoana kwa watu wa jinsia tofauti. Kwa hiyo hukumu ya Mombasa haikuwafungulia mlango wapenzi wa jinsia moja. Lakini imetuonyesha kitu kinachogombewa: haki ya kusimama msibani na kusema, huyu alikuwa wangu.

Wale walioitafuta haki hiyo kwa sababu ya mapenzi walianza zamani kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 18 Mei 1970, katika mji wa Minneapolis huko Marekani, Jack Baker, mwanafunzi wa sheria, na Michael McConnell, mkutubi, walikwenda ofisini kuomba kibali cha kuoana. Wakakataliwa. McConnell akapoteza kazi ya maktaba aliyokuwa ameahidiwa na chuo kikuu. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya jimbo la Minnesota iliwakatalia, na mwaka 1972 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikaitupa rufaa yao kwa sentensi moja tu.

Lakini wakati kesi ikiendelea, walipata kibali katika wilaya nyingine ya jimbo hilo, na wakafunga ndoa tarehe 3 Septemba 1971. Serikali iliendelea kuikana. Ni mwaka 2018 ndipo jaji wa Minnesota alipotamka kwamba ndoa ile ilikuwa halali. Walingoja miaka 47, wakiwa bado pamoja.

Kabla ya hapo, tarehe 26 Juni 2015, mahakama ya juu ya Marekani ilikuwa imeufuta uamuzi wake wa 1972. Kesi iliyoufuta ilianzia wapi? Ilianzia kwenye cheti cha kifo. Jim Obergefell wa jimbo la Ohio alikuwa akimuuguza mwenziwe, John Arthur, aliyefariki mwaka 2013. Alichotaka ni jina lake liandikwe kwenye cheti hicho kama mwenzi aliyebaki. Ni swali lile lile la Mombasa, na ndilo la mjane chini ya mikorosho ya Newala.

Hapa kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Sheria hiyo hiyo inakubali kumdhania mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, na kuheshimika kama mume na mke, kuwa wameoana. Yaani ilitambua kwamba maisha ya pamoja huzaa haki hata pasipo sherehe. Kwa watu wa jinsia moja, sheria yetu ya jinai inatoa adhabu inayofika kifungo cha maisha. Huo ndio ukweli ulivyo, nami siwafichi.

Maoni yangu ni haya. Watu wawili wakiisha kuuguzana na kuzikana, kumfukuza aliyebaki ni dhuluma, awe nani. Vijana wale wa Masasi waliuliza watu hawa wanataka nini. Wanataka kile ambacho shangazi zetu wanakosa kila msimu wa korosho. Asiyeweza kuwaelewa wa mbali na aanze na shangazi yake: amsindikize kuandikisha ndoa yake, na amtetee kikao kitakapoketi.

Kwa leo naishia hapo.