MTU MZIMA ALIYEJIFUNZA KURUKA

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo wa Nachingwea na Ruangwa)



Leo tuzungumze juu ya ndege. Siyo ndege wa porini, bali ndege ya injini. Kwetu Nachingwea chombo hiki si kigeni. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta hapa mpango wa karanga. Misitu ilifyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa, na kiwanja cha ndege kikatengenezwa. Karanga zilishindwa na reli iling'olewa, lakini kiwanja kipo. Wengi tumeona ndege ikipita juu. Wachache tumejiuliza: watu wa kwanza walijifunzaje kuiendesha?

Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliruka kwa injini mwaka 1903. Lakini leo nataka mumjue mtu wa Ufaransa, jina lake Henri Farman. Nimemchagua kwa sababu habari zake zinatuhusu sisi tuliojifunza ukubwani.

Farman alizaliwa Paris mwaka 1874, wazazi wake wakiwa Waingereza. Hakusomea uhandisi. Alisomea kuchora picha. Kisha akapenda baiskeli, akawa hodari wa mashindano. Baiskeli mnaijua. Mwenye baiskeli hujua mnyororo ukilegea, na hujua mwili uinamie wapi wakati wa kukata kona. Kutoka baiskeli akaingia katika mashindano ya magari, akazijua injini. Mwaka 1907, akiwa na miaka 33, alinunua ndege kwa mafundi wa Paris, ndugu Gabriel na Charles Voisin. Ilikuwa ya mbao na kitambaa, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine.

Je, siku ya kwanza aliruka? Hata! Ilikimbia chini tu, ikarukaruka kidogo, ikarudi ardhini. Farman hakukata tamaa. Alijaribu, akatazama kilichotokea, akarekebisha mkia au bawa, akajaribu tena. Mwezi Oktoba mwaka ule aliruka mita 771 bila kutua.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kuruka moja kwa moja kulikuwa kumeanza kuwezekana Ulaya. Kazi ilikuwa kugeuka. Ndege ikigeuka, bawa moja huinama. Likiinama mno, ndege huanguka. Kwa hiyo matajiri wawili wa Ufaransa waliweka zawadi ya faranga 50,000. Masharti yalikuwa haya: uruke, uende hadi kwenye nguzo iliyo mbali mita 500, uizunguke, urudi ulikotoka, mashahidi wakitazama.

Tarehe 13 Januari 1908 Farman aliizunguka nguzo ile na kurudi. Ilichukua dakika 1 na sekunde 28. Marekani ndugu Wright walikuwa wamekwisha kufanya hivyo tangu 1904, lakini Ulaya ilikuwa mara ya kwanza mbele ya mashahidi wa mashindano. Mwezi Oktoba mwaka huo huo akaruka kutoka kijiji cha Bouy mpaka mji wa Reims, kilomita 27, kwa dakika 20 hivi. Akatia pia vibawa vidogo vya kuinuka na kushuka kwenye mabawa, ili ndege isilale upande. Hata leo ndege nyingi zina vibawa vya namna hiyo.

Kisha Voisin wakamuuzia mtu mwingine ndege aliyoiagiza yeye. Farman alikasirika, lakini hakukaa akilalamika. Mwaka 1909 aliunda ndege yake mwenyewe. Mwezi Agosti aliruka nayo kilomita 180 bila kutua. Baadaye yeye na ndugu zake wakawa na kiwanda kikubwa. Alifariki mwaka 1958.

Lakini elimu ni kama panga. Hulimia shamba, na hukata mtu. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, kaskazini ya mkoa wetu wa Lindi. Waingereza walikuwa baharini na mizinga yao, lakini hawakuiona. Wakaleta ndege kisiwani Mafia, na baadhi yake zilikuwa za Henri Farman. Ndege iliruka juu, ikawaambia wapiga mizinga risasi zinaanguka wapi. Tarehe 11 Julai 1915 meli ile ikaangamizwa. Vita vikaendelea kuja kusini. Mwezi Oktoba 1917 vilifika Mahiwa, njia ya kwenda Lindi. Watu wetu wakabebeshwa mizigo ya majeshi, na wengi wakafa kwa njaa na maradhi. Vita havikuwa vyao. Wenye ujuzi waliamua, wasio nao wakabebeshwa.

Basi ndugu zangu, tujipime. Mtu aliyesoma kitabu cha kwanza cha kisomo mpaka ukurasa wa mwisho ameruka. Tumpigie makofi. Lakini ameruka moja kwa moja. Nguzo bado iko mbele yake.

Nguzo yenyewe ni ipi? Ni siku ya kupeleka korosho au ufuta kwenye mizani ya ushirika. Umepima kilo ngapi nyumbani? Mizani inasema ngapi? Stakabadhi imeandikwa ngapi? Mwenye kusoma stakabadhi yake palepale, kabla ya kuondoka, ameizunguka nguzo. Mwenye kuikunja na kuitia mfukoni bila kuisoma, kisomo chake kimeanguka njiani, na jasho lake laweza kupotea.

Fanyeni kama Farman: jaribu, tazama, rekebisha. Nunua daftari moja. Andika tarehe uliyopuliza salfa kwenye mikorosho, na kiasi gani. Andika mvua ilianza lini, na ulivuna kilo ngapi. Mwakani fungua daftari lile, ulinganishe. Hapo shamba lako litakuwa mwalimu wako.

Na wale wanaosema mtu mzima hafundishiki, waambieni yuko mchora picha aliyeanza kurushwarushwa na ndege akiwa na miaka 33, akaishia kuziunda mwenyewe.