Safari ya Karagwe, na Habari za Butura

Jioni hii twataka kuwasimulia habari za Karagwe na Kyerwa, nchi ya milima iliyo magharibi ya Bukoba, ambako tulipelekwa katika Septemba 2023 kuwa Bwana Shamba. Umri wetu ulikuwa haujatimia miaka 26. Tulikuwa tumetoka chuoni Morogoro, na kabla ya hapo tulizaliwa na kulelewa Pangani, ambako mtu huijua kahawa ikiwa katika kikombe tu.

Motokaa ya abiria ilitoka Bukoba alfajiri. Tulipofika Kyaka dereva alipunguza mwendo, na mtu mzima mmoja aliyeketi karibu nasi akatuonyesha daraja la mto Kagera. Askari wa Idi Amin walilivunja daraja la hapo katika Novemba 1978, wakitaka nchi yote iliyo kaskazini ya mto iwe yao. Walakini ilipofika Aprili 1979 majeshi yetu yalikuwa yamekwisha kuingia Kampala. Yule bwana alisema siku ya kukimbia alikuwa mgongoni mwa mama yake. Hakuongeza neno, nasi hatukumwuliza.

Kutoka Kyaka njia hupanda, nayo ni ya lami mpaka Bugene. Karibu na hapo ni Kayanga, makao ya wilaya ya Karagwe. Kyerwa ilifanywa wilaya mbali mwaka 2012, lakini wazee wengi wakisema Karagwe hukusudia zote mbili, maana zamani zote zilikuwa nchi ya mfalme mmoja. Mwaka 1861 mfalme Rumanyika aliwapokea Speke na Grant katika mji wake wa Bweranyange. Speke aliendelea na safari yake kwenda Buganda, ila Grant aliugua mguu akabaki kwa Rumanyika miezi kadhaa, akila na kutunzwa. Mguu wetu sisi ulikuwa mzima, ila tulipofika Nkwenda vumbi lilikuwa limetugeuza rangi, hata mwenyeji wetu akacheka kabla ya kutupa mkono.

Mwenyeji huyo alikuwa mzee mwenye kibanja kizuri, nasi tulimwita Tata, kama wanavyoitwa baba wa huko. Kibanja ni shamba lililoizunguka nyumba. Migomba juu, mibuni chini yake, na maharagwe chini ya mibuni. Wakati ule mvua zilikuwa zimeanza na mibuni ilikuwa imechanua maua meupe yenye harufu kama ya asumini. Tulisimama pale kama mtu aliyefika nyumbani. Usiku Tata alitupa kahawa ya kutafuna, yaani buni zilizochemshwa na majani, zikakaushwa, zikafungwa katika jani la mgomba. Ndiyo heshima ya mgeni katika nchi ile.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Ua la kahawa ya Bukoba halipati kuwa tunda bivu mpaka ipite miezi tisa, na pengine kumi na mmoja. Katika miezi hiyo shida za watu hazingoji. Basi mwenye shida humwendea mchuuzi, naye mchuuzi huja kutazama mibuni, hukadiria itatoa magunia mangapi, hutoa fedha kidogo pale pale, na mavuno yakifika magunia ni yake. Hiyo ndiyo inayoitwa butura. Viongozi wa mkoa wameikataza mara nyingi, lakini hufanyika jioni, na mashahidi wake ni jamaa wa nyumba.

Katika Januari 2024 tuliitisha mkutano chini ya mti kusema juu ya butura. Tulikuwa tumejitayarisha sana. Tuliwaeleza ya kuwa bei ya kahawa yao hutazamwa kila siku katika soko la London, na kwamba nchi ya Vietnam, inayolima kahawa ya namna hii kuliko nchi zote, imepungukiwa. Kwa hiyo tani moja, kwa hesabu ya London, imekwisha kupita dola 3,000, nayo yaelekea kupanda. Tuliwaambia anayeuza leo auza fedha yake mwenyewe kwa mtu mwingine. Walitusikiliza kwa adabu. Mwisho bibi mmoja akasimama, akasema, "Bwana Shamba, maneno yako ni ya kweli. Mimi mjukuu wangu aingia shule Jumatatu. Hiyo London itanikopesha?" Watu wakacheka, nasi tukacheka nao, maana hatukuwa na jibu.

Jioni ya pili yake tulisikia pikipiki ikisimama uani. Mchuuzi, kijana mpole mwenye maneno mazuri, alipita na Tata kati ya mibuni, akiinua matawi na kutazama. Binti wa mwisho wa Tata alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Ada ya shule hizo za serikali imefutwa toka mwaka 2016, lakini sare, viatu na madaftari hayakufutwa, na mwezi ule ndizi zilikuwa zimeshuka bei mno. Wakapatana magunia matatu. Ndipo Tata alipotuita, akatuletea karatasi na kalamu, akasema, "Mwanangu, wewe mwandiko wako wasomeka. Tuandikie."

Wasikilizaji, tulitamani ardhi itupokee. Katika sanduku letu mlikuwa na fedha tuliyokuwa tukiiweka miezi minne ili tununue pikipiki yetu, nayo ingalitosha kwa shida ile na kubaki. Tulimwomba Tata pembeni, tukamwambia achukue kwetu, atulipe wakati wa mavuno. Akatutazama kitambo. Akasema mgeni hakopwi na mwenyeji wake. Tena mwakani mtoto atataka viatu vingine, na Bwana Shamba atakuwa amehamishwa. Tukabishana naye kwa kadiri ya heshima. Mwisho alikubali mkopo wa gunia moja tu. Mawili aliyauza, nasi tukaandika barua ile kwa mkono wetu, majina, tarehe na shilingi, sisi tuliokuwa tukifundisha chini ya mti jana yake. Fedha aliyopewa, wakati wa mavuno haikufikia theluthi ya thamani ya magunia yale.

Bei ilipanda kama tulivyosema, wala hatukufurahi kuwa tumesema kweli. Mwezi wa Aprili ilipita dola 4,000, na katika Septemba ikapita 5,000. Chama cha msingi kilipoipeleka kahawa ya wanachama mnadani, watu waliokuwa na kahawa yao walirudi na mabati mapya. Tata alitulipa fedha yetu yote siku ile ile aliyopokea, akaihesabu mara mbili mbele yetu. Iliyosalia akaitia katika kopo la maziwa, na tangu hapo kila mkungu alioupeleka Omurushaka ulitoa kitu kidogo cha kopo hilo. Mkewe ndiye aliyeshika ufunguo wa sanduku lilimowekwa. Jambo hilo tulilishauri sisi, na Tata hakulipenda sana.

Mchuuzi naye alikuja siku yake. Alikuwa na haki, karatasi ilikuwa mkononi mwake, na mwandiko ulisomeka. Binti wa Tata, aliyekuwa amerudi kutoka shule, alivua viatu asije akavichafua, akashika pembe moja ya gunia kusaidia kupakia. Tata alituletea kahawa ya kutafuna ya mibuni aliyoibakiza, tukaketi wote wawili barazani tukitafuna, hata pikipiki ilipokwisha kushuka bondeni na sauti yake isisikike tena.